Kifafa, Ndoa na Uzazi

Mnamo Mei 1857, katika baraza la matabibu mjini London, Charles Locock, tabibu yule yule aliyemzalisha Malkia Victoria, aliwasimulia wenzake kwamba amewapa bromaidi ya potasiamu wanawake kadhaa ambao kifafa chao kiliwajia pamoja na hedhi, na kwamba karibu wote walipata nafuu. Dawa ilifaa kweli, ila sababu ya kuijaribu ilikuwa batili, kwani matabibu wa zama hizo walidhani chanzo cha maradhi hayo kwa mwanamke ni ashiki ya mwili, nayo bromaidi ilisifiwa kwa kuipoza.

Tuhuma hiyo juu ya uzazi haikukawia kuvaa joho la sheria. Mwaka 1895 jimbo la Connecticut, Marekani, lilipiga marufuku ndoa ya mwenye kifafa iwapo mke hajatimiza miaka 45, na umri huo watosha kutufunulia kwamba aliyeogopwa si bibi harusi, bali mtoto ambaye angezaliwa. Uingereza, kwa sheria ya 1937, iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa ajili ya kifafa. Ujerumani ilivuka mipaka yote: sheria ya Julai 1933 iliamuru wenye kifafa kilichodhaniwa kuwa cha kurithi, wake kwa waume, wafungwe kizazi, hata kwa nguvu, ilhali ni huko huko Ujerumani ambako Alfred Hauptmann alidhihirisha mwaka 1912 kwamba fenobabitali huzuia kifafa, naye, kwa kuwa ni Myahudi, akalazimika kuihama nchi hiyo.

Fenobabitali ndiyo iliyotumika Mahenge, Tanganyika, ambako tabibu Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki mwaka 1960 kwa ajili ya wenye kifafa waliotengwa na jamaa zao kwa hofu ya kuambukizwa.

Lakini dawa nazo zilikuwa na madhara yake. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1967, ilihusishwa mwaka 1982 na watoto waliozaliwa na mgongo wazi, kwa uchunguzi uliofanywa Lyon. Na baadaye ikathibitika kwamba takriban mtoto 1 katika 10 waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kilema kikubwa, na 3 hadi 4 katika 10 huchelewa katika akili na maneno. Hata hivyo Ulaya haikuweka masharti makali hadi 2014 na 2018, uzito ambao mimi siuoni kuwa na udhuru.

Kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, kabla mama wengi hawajajijua kuwa wajawazito, shauri hufanywa kabla ya mimba: tabibu humhamisha mwanamke polepole, akiweza, kutoka valproeti hadi kwenye dawa kama lamotrijini au levetirasetamu, akamwanzishia asidi ya foliki, na kumwonya asiache dawa ghafla, maana kifafa chenyewe chaweza kumdhuru yeye na mtoto. Tena lamotrijini hupungua damuni kadiri mimba inavyokua, hata kipimo chake hupandishwa, na baada ya kujifungua hushushwa upesi.