Mpaka Uliogeuka Uwanja: Historia ya Mgawanyo wa Maeneo ya Wazi Jijini Dar es Salaam

Kugawanya hekta za maeneo ya wazi ya Dar es Salaam kwa idadi ya wakazi hutoa wastani usioeleza jambo. Ndani ya wastani huo umo uwanja wa gofu wa Gymkhana, na limo pia bonde la Msimbazi linalofurika masika yanapokuwa makali. Insha hii inashikilia kwamba chimbuko la mgawanyo huo usio wa haki si uhaba wa ardhi, bali ni dhima ambayo ardhi ya wazi ilipewa tangu awali: kutenganisha watu.

Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji kwa kigezo cha aina ya majengo. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann ilikuwa mahali pa kujaribia mazao ya biashara, nayo iliwekwa upande wa makazi ya Wazungu. Waingereza waliendeleza mtindo huo kwa kanda tatu, ambazo wenyeji walizifahamu zaidi kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sheria ilitaja viwango vya majengo, haikutaja rangi; hata hivyo, matokeo yake yalikuwa yaleyale.

Mnazi Mmoja ndio ushahidi ulio wazi zaidi. Ukanda huo uliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo kwa hoja ya afya ya umma, na ili upatikane, nyumba za Waafrika zilibomolewa. Haukukusudiwa kuwa mahali pa kupumzikia. Wakazi ndio walioubadili matumizi, na katika miaka ya 1950 TANU ilifanyia mikutano ya hadhara mahali palepale palipotengwa ili watu wasikaribiane. Mnara wa Mwenge wa Uhuru unasimama hapo hadi leo.

Mabadiliko ya matumizi, hata hivyo, hayakubadili ramani. Mipango mikuu ya 1949, 1968 na 1979 ilichora maeneo ya wazi, lakini zaidi ya nusu ya wakazi waliishia katika makazi yasiyopimwa. Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Sinza na Kijitonyama zilipimwa kabla ya kujengwa, hivyo maeneo ya wazi yalitengwa mapema. Manzese iliboreshwa ikiwa tayari imejaa nyumba; barabara na maji viliweza kupenyezwa, bustani haikuweza. Katika muongo huohuo halmashauri za miji zilivunjwa, zikarejeshwa mwaka 1978, na hata maeneo yaliyochorwa yalikosa mlinzi wa karibu.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, na baadaye bonde la Msimbazi likapangiwa kuwa na bustani kubwa ya jiji. Hatari ya maji ni ya kweli, tofauti na hoja nyingi za kiafya za wakoloni. Lakini kwa mara nyingine ardhi ya wazi inapatikana kwa kuondoa nyumba za maskini, na waliohamishwa sasa wanaishi mbali mno kuweza kwenda kuketi chini ya miti yake.