Ustaarabu Usioacha Magofu

Juzi niliota nimegundua mji wa mawe chini ya genge la Manga, kule Nyamira: kuta, ngazi, watu nisiowajua. Nilipoamka nikajiuliza, mbona ustaarabu uliopotea lazima uwe wa mawe?

Mawe huvutia, sawa. Hapo jirani Migori, kuta za Thimlich Ohinga zimesimama karne nyingi bila saruji, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Lakini sasa mfikirie omobari, mpasuaji wa vichwa wa Abagusii. Mtu akigongwa kichwani na maumivu yakatae kuisha, alipelekwa kwake. Omobari alipasua ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu polepole mpaka palipovunjika pakatoka, bila kugusa ubongo, bila dawa ya ganzi. Na watu walipona! Karne ya 20 madaktari wa kigeni walifunga safari hadi Kisii kuandika habari zake na kumpiga filamu akiwa kazini.

Kazi hiyo haikuacha ukuta wowote. Ilikaa mikononi mwa mtu, ikapita kwa mwanafunzi wake. Gofu linaweza kumngoja mchimbaji miaka 500. Mikono haingoji. Mzee akienda bila mwanafunzi, basi, imeisha.

Kwa hivyo ukienda ocha Desemba, achana na mawe kwanza. Muulize magokoro omobari wa kwao alikuwa nani, alifunzwa na nani. Halafu uandike, kabla chai haijapoa.