Kadi mpya ya michoro, kasi ile ile: Mambo ya kukagua kabla ya kuirudisha dukani

MTU anayenunua kadi mpya ya michoro hutarajia tarakilishi yake ibadilike siku iyo hiyo. Hutaka video za harusi anazohariri zikamilike mapema, gemu zichezeke bila kukwama na michoro ya majengo izunguke kwenye kiwambo bila kusita. Aghalabu hali huwa hivyo. Hata hivyo, wapo ambao baada ya kutumia maelfu ya shilingi huwasha mashine na kukuta kasi ni ile ile ya zamani, au imezorota zaidi.

Kadi ya michoro ni kiungo kinachofanya hesabu za kuchora picha na kuzipeleka kwenye kiwambo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kadi hii nayo haifanyi kazi peke yake. Hupokea maagizo kutoka kwa kichakataji, hupata umeme kutoka kwa pawa saplai, hupitisha data kwenye mazabodi na huongozwa na programu iitwayo draiva. Kimojawapo kikilegea, kadi nzima huonekana mbovu.

Kwa sababu hiyo, si busara kuirudisha dukani, wala kununua nyingine ghali zaidi, kabla ya kukagua viungo hivyo kimoja baada ya kingine. Ukaguzi unafaa kuanza na mambo yasiyogharimu chochote.

Pima kwanza

Kusema tu kwamba mashine “iko polepole” hakumsaidii fundi. Kinachofaa ni kipimo: idadi ya fremu kwa sekunde katika gemu moja, au dakika zinazotumika kukamilisha video moja ile ile. Kipimo hicho kirudiwe baada ya kila badiliko, na badiliko liwe moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hawezi kujua lipi lililoleta nafuu.

Tangu 2017, programu ya Task Manager iliyomo ndani ya Windows 10, na baadaye Windows 11, huonyesha kiwango ambacho kadi ya michoro inatumika. Programu nyingine isiyolipiwa, GPU-Z, huonyesha jina la kadi, joto lake na namna ilivyounganishwa na mazabodi. Hizi mbili zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Waya wa kiwambo

Kosa rahisi kuliko yote liko nyuma ya tarakilishi. Vichakataji vingi vina uwezo mdogo wa kuchora picha, na kwa hivyo mazabodi huwa na tundu lake la kuunganisha kiwambo, karibu na matundu ya USB na ya sauti. Kadi mpya nayo ina matundu yake, kwa kawaida chini zaidi.

Mtu akirudisha waya kwenye tundu la zamani, picha itaonekana kama kawaida, lakini mara nyingi itakuwa ikichorwa na kile kiungo dhaifu huku kadi ikikaa bure. Dawa ni kuuhamishia waya kwenye kadi yenyewe.

Papo hapo, mipangilio ya kiwambo ikaguliwe. Kiwambo chenye uwezo wa kuonyesha picha mara 144 kwa sekunde huenda kimepangwa kuonyesha mara 60 pekee. Vilevile, gemu ambayo imewekewa kipengele cha V-Sync haitapita kasi ya kiwambo hata kadi ikiwa na nguvu kiasi gani. Huo si ubovu, ni mpaka uliowekwa.

Masalio ya draiva

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kadi. Pasipo draiva sahihi, Windows hutumia ya dharura iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, ambayo huonyesha picha tu bila kutumia nguvu za kadi. Jina hilo likionekana katika orodha ya vifaa, chanzo cha tatizo kimepatikana.

Shida nyingine hutokea mtu anapotoka kampuni moja kwenda nyingine, mathalani kutoka NVIDIA hadi AMD. Masalio ya draiva ya zamani yanaweza kugongana na mpya. Utaratibu unaofaa ni kupakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, kukata intaneti, kuwasha Windows katika hali salama, kuondoa draiva ya zamani kabisa, kisha kuwasha upya na kuweka mpya. Programu ya Display Driver Uninstaller iliundwa kwa kazi hiyo ya kufagia masalio.

Baada ya draiva kubadilishwa, baadhi ya gemu hukwamakwama kwa muda kwa sababu huandaa upya maagizo ya rangi na mwanga. Mtumiaji asubiri kidogo kabla ya kutoa hukumu.

Umeme

Kabla ya kufungua kasha, tarakilishi izimwe, waya wa umeme uchomolewe na fundi aguse chuma cha kasha ili umeme tuli umtoke.

Mwanya wa mazabodi ambamo kadi huchomekwa hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huwa na soketi za ziada: ya pini sita hubeba wati 75 nyingine, na ya pini nane wati 150. Soketi hizo zikiachwa wazi, baadhi ya kadi hukataa kuwaka, na nyingine huonyesha onyo.

Tarakilishi nyingi za ofisi zinazouzwa kama mitumba ziliundwa kwa kazi za barua na hesabu. Pawa saplai zake ni ndogo, na nyingi hazina kabisa waya za ziada za kadi ya michoro. Mashine ikizima au kujiwasha upya kila kazi inapokuwa nzito, huo ni mwelekeo wa kwanza wa kuchunguza. Kutumia viunganishi vya bei rahisi vinavyochota umeme kutoka kwa waya za diski ni hatari, kwani huweza kupata moto na kuungua.

Hata waya sahihi sharti uingie hadi mwisho. Mnamo 2022, soketi za umeme za baadhi ya kadi za GeForce RTX 4090 ziliyeyuka, na NVIDIA ikasema kwamba sababu iliyojitokeza zaidi katika uchunguzi wake ni waya ambazo hazikuwa zimechomekwa kikamilifu.

Mwanya na njia za data

Mazabodi inaweza kuwa na mianya miwili mirefu inayofanana kwa macho ilhali wa pili una njia nne tu za data badala ya 16. Kwa kawaida kadi hufaa kuwekwa kwenye mwanya ulio karibu zaidi na kichakataji. GPU-Z itathibitisha idadi ya njia zinazotumika. Kasi ya njia hizo ikionekana ndogo wakati mashine imetulia, mtumiaji asishtuke: kadi hujipunguza ili kuokoa umeme.

Zipo kadi ambazo zenyewe zina njia chache. Radeon RX 6500 XT, iliyoingia sokoni Januari 2022, ina njia nne tu za PCI Express ya kizazi cha nne. Ikiwekwa kwenye mazabodi ya kizazi cha tatu, uwezo wake wa kupitisha data hupungua kwa nusu. Kadi za Intel Arc nazo huhitaji kipengele cha Resizable BAR kiwashwe kwenye BIOS, na Intel yenyewe hushauri hivyo. Mmiliki wa mashine ya zamani anafaa kuyajua haya kabla ya kulipa.

Joto na vumbi

Kadi ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Dalili yake ni gemu kuanza vizuri, kisha kuzorota baada ya dakika kadhaa. Joto likikaribia nyuzi 90 za Selsiasi huku kasi ikishuka, kasha lifunguliwe, vumbi lipulizwe na feni zikaguliwe kama zinazunguka.

Wanunuzi wa mitumba wawe waangalifu zaidi. Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha mfumo uliotegemea kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikauzwa. Huenda feni za kadi ya aina hiyo zimechakaa, au lile lihamu la kupitisha joto limekauka.

Kichakataji kinapolemewa

Iwapo yote hayo yako sawa, huenda kadi inasubiri kichakataji kikongwe kisichoweza kuilisha maagizo kwa kasi. Jaribio lake ni rahisi. Katika gemu, ukubwa wa picha upunguzwe kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imefikia upeo wake. Zikibaki zile zile, anayelemewa ni kichakataji, na kadi ghali zaidi haitaleta tofauti.

Kumbukumbu ya RAM nayo huchangia. Vipande viwili vinavyofanana, vikiwekwa kwenye nafasi zinazofaa, hupitisha data haraka kuliko kipande kimoja chenye ukubwa sawa na jumla yao.

Kadi bandia na kasoro za kiwandani

Kuna kadi za zamani ambazo matapeli hubadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Udanganyifu huo ulienea kiasi kwamba mnamo 2018, GPU-Z iliongezewa uwezo wa kutambua kadi bandia za NVIDIA. Mnunuzi wa kadi ya mkono wa pili anaweza kuomba programu hiyo iendeshwe mbele yake kabla ya kutoa pesa.

Kasoro za kiwandani zipo pia, ingawa ni nadra. Februari 2025, NVIDIA ilikiri kwamba chini ya asilimia 0.5 ya kadi zake za RTX 5090 na RTX 5070 Ti zilitoka zikiwa na upungufu wa sehemu za kuchora, na kwamba kasi yake ilipungua kwa wastani wa asilimia nne. Baadhi ya wenye RTX 5090 waligundua hilo kwa kutumia GPU-Z, ambayo iliwaonyesha sehemu 168 badala ya 176. Kampuni iliwataka wawasiliane na watengenezaji wa kadi zao ili wabadilishiwe.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa. Mnunuzi atunze risiti na kasha la kadi, na aandike vipimo vyote alivyochukua: fremu, joto, idadi ya njia za data na toleo la draiva. Ikiwezekana, kadi ijaribiwe pia kwenye tarakilishi nyingine inayofanya kazi vyema. Ikishindwa huko vilevile, muuzaji hatakuwa na nafasi ya kuilaumu mashine ya mteja.