Sauti ya Asilimia 20



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili tuufungue ukurasa mmoja wa historia ya nchi yetu. Wengi hudhani kwamba demokrasia ni hesabu tu: mikono inyoshwe, ihesabiwe, walio wengi waamue. Mwaka 1992 Tanzania ilitenda kinyume cha hesabu hiyo.

Tangu 1965 sheria ilitambua TANU peke yake huku Bara na ASP peke yake kule Zanzibar, hadi vilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Wazee wetu wanazikumbuka kura za jembe na nyumba: wagombea wawili wa ubunge, wote wa chama kilekile, kila mmoja na alama yake. Kwa Rais, mpiga kura alisema Ndiyo au Hapana. Uchaguzi ule haukuwa maigizo, kwani mwaka 1965 hata mawaziri waliangushwa. Lakini mwenye fikra tofauti na za chama hakuwa na mahali pa kuzipeleka.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikusanye maoni ya wananchi. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Kama asilimia 20 tu walitaka vyama vingi. Hata hivyo, Tume ilipendekeza vyama vingi. Iliona kwamba wengi kati ya wale asilimia 80 nao walidai marekebisho makubwa, na kwamba wachache wale hawakustahili kupuuzwa. CCM, iliyokuwa na kila sababu ya kukataa, ilikubali. Bunge likabadili Katiba, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza.

Je, wengi walidharauliwa? La hasha. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, waliokipenda chama chao walikipigia kura, na Benjamin Mkapa wa CCM akashinda kwa karibu asilimia 62. Wachache walipewa haki yao, na wengi hawakupungukiwa na kitu.

Wamarekani nao walikutana na swali hilo. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 iliipa kila jimbo, dogo kwa kubwa, maseneta wawili. Mwaka 1791 wakaongeza vifungu 10 vinavyolinda uhuru wa dini, wa kusema na wa kukusanyika, ili Bunge lisiweze kuufuta kwa wingi wa kura tu. Lakini watumwa waliachwa nje ya ulinzi huo, na utumwa haukufutwa hadi mwaka 1865, baada ya vita vya miaka minne. Sheria njema inayombagua mtu mmoja huacha deni, nalo hulipwa kwa machozi.

Ndugu zangu, hapa Msangano tunakaa katika mikutano ya kijiji, katika jumuiya na katika familia. Mara ngapi tumesema, “Wengi wamekwisha kukubali, wewe nyamaza”? Kura humaliza uamuzi, lakini haimalizi haki ya aliyeshindwa. Katika kikao chenu kijacho, kabla ya kufunga shauri, mwulizeni yule mmoja aliyekataa sababu zake, kisha mmsikilize mpaka amalize.

Nawatakia juma jema lenye amani.