Mbinu za Kusaka Google Zenye Zitakuokolea Doo Yako

Mtu wangu, wacha nianze na aibu yangu. Baada ya kutoka chuo bila karatasi, nilitumiwa tangazo la kazi kwa WhatsApp. Kazi ya stoo huko Doha, chakula na nyumba juu yao. Kitu moja tu: nitume thao nne na soo tano za vipimo vya daktari, halafu wanipigie. Mimi si fala, ama hivyo ndivyo nilijiambia. Nikaingia Google, nikaandika jina la kampuni, ikatokea tovuti safi yenye picha za wasee wa suti wakicheka. Nikatuma. Hadi leo nangoja simu.

Wiki iliyofuata nikamwambia jamaa wa saiba ya mtaa wetu. Hakunicheka. Aliongeza tu alama mbili na neno moja kwa lile jina nililokuwa nimeandika, na malalamiko ya watu wengine yakajaa skrini. Yalikuwa hapo siku zote. Mimi ndio niliuliza swali rahisi, nikajibiwa na mwizi mwenyewe.

Hiyo ndio kitu nataka ushike. Google hukujibu venye umeuliza. Ukiandika jina la kampuni peke yake, wa kwanza kukujibu mara nyingi ni kampuni yenyewe, na wakora wanajua hivyo. Hizi mbinu hazitaki degree. Zinataka bando kidogo na vidole. Nyingi zinashika pia Bing na DuckDuckGo.

1. Alama za kunukuu: " "

Ukifunga maneno na hizi alama, Google inatafuta hayo maneno vile yalivyo, kwa huo mpangilio. Bila alama, inakuletea chochote inachodhani ulimaanisha.

Kazi yake kubwa si majina tu. Chukua sentensi moja ya tangazo la kazi ulilotumiwa, ile yenye maneno mengi, uifunge na alama uitafute. Ukiona sentensi hiyo hiyo iko chini ya kampuni tano tofauti, za Doha, Dubai na Canada, jua ni kopi ya wakora. Namba ya simu pia inatafutwa hivyo. Ijaribu mara tatu: ikianza na 07 ama 01, ikianza na +254, na ikiwa na nafasi katikati. Watu huandika namba kila mtu na yake.

2. Alama ya kutoa: -

Hii inaondoa kitu hutaki. Ukitafuta matatu, unaweza kuletewa ule mchezo wa karata wa Uganda wenye jina hilo hilo. Andika:

matatu -karata -cards

Kistari kinashikana na neno, hakuna nafasi katikati. Ukiacha nafasi, umeharibu.

3. site: ndio baba yao

Hii inaambia Google itafute ndani ya tovuti moja pekee, ama familia nzima ya tovuti. Ukiandika site:go.ke, unapata za serikali ya Kenya. site:ac.ke ni vyuo. site:sc.ke ni shule za msingi na sekondari. Baada ya nukta mbili hakuna nafasi.

Mbona hii ni muhimu? Anwani za .ke zinasimamiwa na KeNIC, na .go.ke hapewi mtu wa mtaani. Ni ya mashirika ya serikali. Lakini .co.ke na .com, mtu yeyote ako na doo kidogo ananunua leo asubuhi. So mtu akikutumia linki, soma mwisho wa jina kabla ya mkwaju wa kwanza. Kitu kama ajira-go-ke.com si serikali, buda. Hiyo ni .com imevaa kofia ya serikali.

Sasa ile kitu ilinifungua macho pale saiba. Unganisha kutoa na site:

"jina la kampuni" malalamiko -site:jinalakampuni.com

Hapo umeambia Google: niletee yote yamesemwa juu ya hawa watu, isipokuwa yale wamejisemea wenyewe. Hii moja tu ingeniokolea thao nne na soo tano.

4. OR, na lugha ya watu

OR ikiandikwa kwa herufi kubwa inamaanisha "ama". Itumie kutafuta kitu chenye majina mengi:

"jina la kampuni" scam OR matapeli OR wezi OR wakora

Na hapa wengi hupotea. Karatasi za serikali na za vyuo nyingi zimeandikwa Kizungu, so ukizitafuta andika Kizungu. Lakini mtu aliyeliwa doo yake halalamiki kwa Kizungu cha ofisini. Anaandika "hao ni wezi" ama "walikula pesa yangu". Ukitafuta kilio chake, tumia maneno yake. Jiulize kwanza: huyu aliyeandika kitu natafuta, angeiandika aje?

5. filetype: kwa wale wanasoma bila fee

Hii inaleta aina ya faili unayotaka: pdf, doc, ppt, xls. Mimi nilitoka chuo lakini sikuacha kusoma. Cheki:

site:ac.ke filetype:pdf "data structures"

Noti za walimu wa vyuo vikuu, bure, hakuna mtu anakuuliza namba ya usajili. Unaweza kutoa site:ac.ke uweke site:edu upate za Marekani. Ndugu yako mdogo ako kidato cha nne? Mtafutie "KCSE chemistry paper 2" filetype:pdf. Unataka kujua kaunti yako ilipanga kutumia pesa wapi? Andika budget filetype:pdf na site ya kaunti yako. Ya Kiambu ni site:kiambu.go.ke, za wengine zinafuata mtindo huo. Si siri hizo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

6. intitle: na after: kwa wanaosaka kazi

intitle: inataka neno liwe kwa kichwa cha ukurasa, si kutajwa tu huko chini. after: na before: zinashika tarehe, mwaka ukianza, kisha mwezi, kisha siku.

intitle:tender site:go.ke after:2025-01-01

Badilisha tarehe iwe ya mwezi huu. Kama wewe na mbogi yako mna kampuni ndogo imesajiliwa, kumbuka mpango wa AGPO unatenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Wengi wanajua hivyo lakini hawajawahi kuona tenda yenyewe. Weka vacancies badala ya tender, upate nafasi za kazi kutoka kwa mwenyewe, si kwa skrinishoti ya gropu yenye deadline ilipita zamani.

before: nayo ni dawa ya uvumi. Mvua ikinyesha Nairobi, kuna picha za mafuriko huzunguka kila mwaka ati ni za leo. Tafuta maneno ya hiyo stori na before: ya mwaka uliopita. Ikitokea, hiyo ni stori imepashwa moto. Jua tu kwamba tarehe ya Google wakati mwingine hukosea, so fungua ukurasa ujionee.

7. Nyota na nukta mbili

Umesahau neno katikati? Weka nyota: "haraka haraka haina *". Google inajaza hilo pengo. Nukta mbili kati ya namba zinaonyesha kuanzia hapa hadi pale:

ThinkPad 15000..25000 site:co.ke

Hii ya namba haishiki kila mara, lakini ikishika, inakutoa kwa laptop za laki moja zenye hutaki hata kuziona.

8. Picha pia hutafutwa

Unasaka keja Roysambu. Umeona bedsita safi, vigae vinang'aa, rent ya chini, na "agent" anataka dipositi kabla uione kwa sababu "kuna watu wengi wanaitaka". Chukua hiyo picha, iweke kwa Google Lens ama TinEye. Ikitokea kwa tangazo la nyumba ya nchi nyingine, umemalizana naye. Ukikosa jibu, angalia soketi za ukutani. Zetu Kenya zina matundu matatu ya mstatili, kama za Uingereza. Ukiona soketi ya matundu mawili ya duara, hiyo bedsita haiko Roysambu.

9. Cheki umri wa tovuti

Kampuni inasema imekuwa kwa biashara miaka 15. Sawa. Nenda web.archive.org, ile Wayback Machine ya Internet Archive, shirika linalohifadhi kurasa za mtandao tangu 1996. Weka anwani ya tovuti uone ilikuwaje zamani. Google yenyewe iliondoa zile linki zake za kopi za kurasa mwaka 2024, so hapa ndio pa kukimbilia. Halafu enda lookup.icann.org kwa anwani za .com uone jina lilisajiliwa lini. Miaka 15 kwa mdomo, wiki tatu kwa usajili? Toka hapo. Kutoonekana kwa Wayback pekee si ushahidi, kwa sababu haihifadhi kila ukurasa. Lakini tarehe ya usajili haina maneno mengi.

Mitego miwili ya juu

Kwanza, majibu ya juu kabisa yenye alama ya "Sponsored" ni matangazo. Mtu amelipa akae hapo. Kulipa si kuwa mkweli. Pili, yale majibu ya AI yanayokuja juu yakiwa yamepangwa vizuri hukosea kwa ujasiri. Kwa kitu chenye pesa yako, fungua linki usome mwenyewe. Ukichoka na hayo yote, tafuta sehemu imeandikwa "Web" pale juu ama ndani ya "More". Inakuletea linki tupu.

Usigeuke mkora

Hizi mbinu zinaweza kukuletea vitu havikufaa kuwa wazi: orodha za watu na namba zao za kitambulisho, faili za siri za ofisi. Ukikutana nazo, funga. Kenya kuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 na ya ulinzi wa data ya 2019, na "nilipata kwa Google" haitakutetea ukianza kutumia data ya wenyewe. Na kumchimba ex wako usiku wa manane si utafiti. Lala.

Dakika tano kabla ya M-Pesa

Okoa hii orodha kwa simu. Mtu akikuambia tuma kitu kidogo ndio upate kazi:

- Funga jina la kampuni na alama, toa tovuti yao, ongeza "wezi" ama "scam".
- Tafuta namba yao ya simu kwa mitindo mitatu.
- Tafuta sentensi moja ya tangazo lao.
- Cheki jina la tovuti lilisajiliwa lini.
- Kama kazi ni ya nje, ingia neaims.go.ke, mtandao wa National Employment Authority, uone kama huyo agenti ako na leseni. Andika anwani mwenyewe, usibonyeze linki amekutumia.

Ukikosa kitu kibaya, hiyo haimaanishi ni wasafi. Inawezekana wamefungua jana na wewe ndio wa kwanza. Bado uliza maswali, bado enda ofisini kwao na mtu. Lakini ukipata kitu kibaya, amini.

Huyo jamaa wa saiba nilitaka kumlipa ile siku. Alikataa. Aliniambia nifundishe mtu mmoja mwenye karibu kutuma. Kwangu mtu huyo alikuwa binamu yangu, alikuwa ameshaandika namba kwa M-Pesa, amebakisha PIN. Tulitafuta pamoja, akafuta. Sasa ni zamu yako. Kuna mtu kwa familia yenu saa hii ako na tangazo kwa simu na ameanza kupanga nguo. Mwonyeshe kabla aweke PIN.