Matengenezo Kinga: Kutengeneza Kilicho Kizima

Asubuhi moja ya Jumapili, hapa kijijini Matemwe, nilikuwa nimelala chali chini ya gari, spana namba 14 mkononi na karai ubavuni. Jirani yangu, mzee mvuvi, akasimama miguuni kwangu.

"Imeharibika nini tena, mwanangu?"

"Haijaharibika kitu, mzee. Nzima kabisa."

"Sasa unatengeneza nini kizima?"

Nikakosa jibu, kwani swali lile lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la gari. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kinachotengenezwa ama hakijawahi kuwapo, kama kitanda kwa seremala, ama kimeharibika. Ukisema gari iko kwa fundi inatengenezwa, msikilizaji hukupa pole. Kile kizima kinachoshughulikiwa ili kibaki kizima hakina pa kukaa.

Asili ya neno haikuwa hivyo. Kutengenea ni kuwa katika hali nzuri, kukaa sawa. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee. Ndani ya shina hamna ubovu wowote. Ubovu tumeutia sisi kwa matumizi, na sasa neno "matengenezo" likisimama peke yake linanuka gereji, gharama na gari lililovutwa kwa kamba.

Mafundi wameliziba pengo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni "sevisi", neno tulilolipokea kwa Waingereza na ambalo sasa lina uraia kamili: gari hufanyiwa sevisi, sevisi hukaribia, sevisi hupita. Ni fupi na linaeleweka, ila limefungwa kwenye injini. Nani husema nyumba yake imefanyiwa sevisi? Kulifasiri kwa "huduma" hakusaidii, maana huduma hupewa mtu, na gari lililopewa huduma linasikika kama mgeni wa hoteli. Njia ya pili ni "kumwaga oili". Hapo sehemu imechukua jina la kazi nzima, na wenye magari wengi wameamini hivyo: oili ikishamwagwa, breki, betri na rejeta vitajitazama vyenyewe.

Istilahi ninayoitetea ni "matengenezo kinga". Hutumika katika hospitali kwa ajili ya vifaa tiba, na katika karakana za serikali. Muundo wake ni wa nomino mbili zilizokaa bega kwa bega bila kiunganishi, kama "askari kanzu" au "punda milia". Ya pili inaeleza ya kwanza ni ya namna gani. Wahandisi wa barabara nao wana mgawanyo wao: "matengenezo ya kawaida" ni yale ya kila mwaka, kama kuzibua mitaro na kufyeka majani, na "matengenezo ya muda maalumu" ni yale makubwa yanayorudi baada ya miaka kadhaa. Mgawanyo huo unafaa pia kwa gari. Kubadili oili ni kawaida. Kubadili mkanda wa injini ni muda maalumu.

Mwenye gereji hupenda kututajia methali ya ufa na ukuta. Methali ni nzuri, lakini huanza pale ufa ulipokwisha kuonekana. Matengenezo kinga huanza ukuta ukiwa hauna hata mstari. Kinachokuamuru hapa ni hesabu: kilomita au miezi, lolote litakalotangulia. Dereva anayepeleka wageni Mjini na kurudi Matemwe hukaribia kilomita 100 kwa siku, kwa hiyo kilomita 5,000 za kubadili oili humtimia kwa siku 50 hivi. Aliyeegesha gari uani naye hasalimiki, maana miezi inahesabika hata gari likiwa limelala.

Halafu kuna neno "kinga" lenyewe, ambalo lina utajiri usioonekana mara moja. Kukinga ni kuzuia, kama ngao inavyokinga mshale. Kukinga pia ni kuweka chombo chini ya kitu kinachotiririka, kama mtu akingavyo maji ya mvua chini ya paa. Chini ya gari maana hizo mbili hukutana. Injini nimeiwasha dakika chache ili oili ilainike, kisha nikaizima. Jeki nimeiwekea ubao, kwa sababu mchanga wetu huimeza, na gari nimelishusha juu ya stendi. Sikubali kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nati ya chini ikilegezwa, oili hutoka kwa kishindo, nyeusi kama wino wa pweza, halafu huwa uzi, halafu tone. Naikinga kwenye karai ili niikinge injini. Kisha filta mpya, mpira wake umepakwa oili kidogo na kukazwa kwa mkono, na lita 3.7 za oili safi kwa injini hii ya 1NZ ya Toyota.

Karai lile linakinga na kingine. Ardhi ya Matemwe ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Oili chafu ikimwagwa hapa haikai juu, hushuka kuelekea maji ya visima. Kwa hiyo naitia kwenye dumu na kulifunga kifuniko. Visima hivyo hivyo vina chokaa, na maji yake yakitiwa kwenye rejeta huacha ukoko kama wa birika la chai. Upepo wa bahari nao hula vichwa vya betri mpaka viote unga, na mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kimyakimya. Yote hayo ni ya matengenezo kinga, na hakuna hata moja ndani ya "kumwaga oili".

Jioni maji yalipokupwa nilishuka pwani. Mzee yule alikuwa amekilaza chombo chake mchangani, anachoma makuti chini ya tumbo lake kuua wadudu watoboao mbao. Kando pana kopo la sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka mbao. Nikamwuliza, "Kimeharibika nini, mzee?"

Akacheka. "Wewe! Chombo kinasubiriwa mpaka kivuje?"

Mabaharia wa pwani hii wana kukalafati (kuziba mianya ya mbao), kupaka sifa, kutia deheni ya chokaa na mafuta. Kila kazi ina jina lake na wakati wake, nao huutazama mwezi na bamvua kama mimi nitazamavyo kilomita. Walichokosa ni jina la kuzikusanya kazi zote hizo, chombo na gari pamoja.

Kwenye mlango wa gari langu pamebaki karatasi iliyobandikwa Japani, ina maandishi nisiyoyajua na tarakimu ninazozijua. Chini yake nimebandika yangu: "Matengenezo kinga yajayo: kilomita 148,000."