Mgongo wa Farasi

Msomaji, ukipita sokoni au katika njia ya kwenda kisimani, ukamwona punda amesimama akingoja kupakiwa, mtazame mgongoni karibu na mabega. Mara nyingi utaona pahali palipoota nywele nyeupe, padogo kama kiganja cha mtoto. Rangi hiyo hakuzaliwa nayo. Pahali hapo palikandamizwa na tandiko au kamba siku nyingi hata ngozi ikaumia mpaka ndani, na nywele zilipoota tena zilikuja bila rangi yake. Farasi naye huwa na alama hizo hizo. Katika insha hii nataka tuzisome alama hizo, kwa kuwa ndani yake imo habari ambayo vitabu vya vita na vya wafalme huipita upesi: jinsi mwanadamu alivyojifunza, polepole mno na kwa hasara kubwa, kumvika farasi vitu visivyomwumiza.

Wayunani wa kale walipanda farasi pasipo tandiko lenye kiunzi, na pasipo vikuku vya kutilia miguu. Walikaa juu ya nguo, au juu ya mgongo mtupu. Mmoja wao, askari aitwaye Xenophon, aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo kitabu kizima juu ya farasi na upandaji wake. Alipofika katika usafi wa mnyama alitoa agizo ambalo mimi hulisoma kwa mshangao kila mara: nywele za uti wa mgongo zisiguswe kwa chombo chochote, ila zisuguliwe na kulainishwa kwa mikono, kwa kufuata jinsi zilivyolala. Yamkini mtu aliyekaa mwenyewe juu ya mgongo mtupu alikuwa na sababu njema ya kuufahamu mgongo huo.

Katika zama hizo hizo, mbali sana katika milima ya Altai huko Siberia, watu waliwazika wakuu wao pamoja na farasi. Makaburi hayo yaliganda kwa barafu, na wachimbuaji wa karne ya 20 waliyakuta matandiko yakiwa mazima. Yalikuwa mito miwili iliyojazwa majani na manyoya, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kati yake nafasi tupu. Iangalie vema nafasi hiyo, msomaji, maana ndiyo siri yote. Uti wa mgongo wa farasi hauna nyama ya kuukinga. Pembeni yake ndipo ilipo misuli iwezayo kubeba mzigo. Baadaye Wachina walitumia vikuku vya kutilia miguu katika karne ya 4 baada ya Kristo, na matandiko ya mbao yakaenea duniani. Lakini tandiko lolote lililo jema bado huuacha uti wa mgongo bila kuuelemea.

Farasi wa kukokota alikuwa na shida nyingine. Mwaka 1931 afisa mmoja Mfaransa, Lefebvre des Noëttes, alitoa kitabu kilichosema kuwa watu wa kale waliwafunga farasi kwa ukanda uliowakaba koo, hata wasiweze kuvuta mzigo wa maana, na kwamba ukombozi ulikuja katika zama za kati, ulipopatikana mviringo mnene wa ngozi unaokaa mabegani. Wanahistoria wengi waliyakubali maneno hayo kama yalivyo. Kisha Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, aliunda upya magari na mikanda ya kale, akafunga farasi wa kweli, na mwaka 1977 akatangaza kwamba farasi wake walivuta vizuri bila kukabwa. Sisemi kuwa mviringo wa mabegani haukuwa na faida. Ulikuwa nayo kubwa, hasa kwa jembe na mizigo mizito. Ila yafaa wanafunzi wa historia wakumbuke kwamba swali lililobishaniwa vitabuni kwa miaka zaidi ya 40 lilipata jibu siku mtu alipomfunga farasi na kumtazama.

Sasa twende Afrika ya Kusini, ambako somo hili lilifundishwa kwa ukatili usiosahaulika. Vita vya Waingereza na Makaburu vilianza mwaka 1899 na kwisha mwaka 1902. Waingereza walileta farasi kwa meli kutoka kwao, kutoka Marekani, Argentina, Hungaria na Australia. Wanyama hao walisimama wima chomboni kwa majuma mengi, miguu ikadhoofika. Wale wa kaskazini walitoka katika baridi wakiwa na manyoya marefu, wakashushwa katika jua la kiangazi. Ilipasa wapumzishwe, badala yake wengi walitiwa katika magari ya moshi na kupelekwa vitani mara moja. Kila mmoja akabebeshwa askari, bunduki, risasi, blanketi na chakula, mzigo wa kilo 100 na zaidi. Malisho yalikuwa haba, na maradhi ya farasi yalikuwa mengi. Vita vilipokwisha, Waingereza walikuwa wamepoteza farasi zaidi ya 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Ni kweli kwamba njaa, maradhi na uchovu ndivyo vilivyoua zaidi, wala singependa udhani kuwa matandiko pekee yalileta msiba huo. Lakini angalia jinsi mambo yalivyoshikana. Farasi asiyekula hukonda. Akikonda, ile misuli iliyo pande mbili za uti hunywea, na mifupa ya mabega hutokeza. Tandiko lililomkaa sawasawa mwezi uliopita sasa hushuka na kuketi juu ya mfupa. Ngozi husagwa kati ya mfupa na mbao, damu haipiti, na kidonda huanza chini kabla hakijaonekana juu. Askari asiyekuwa na desturi ya kulivua tandiko kila asimamapo hawezi kujua, na farasi hana ulimi wa kusema.

Makaburu nao walikuwa wapanda farasi tangu utoto. Farasi wao walikuwa wadogo, wamezoea nchi na majani yake. Tena walikuwa na desturi ambayo wageni waliichelewa: kila waliposimama kupumzika walivua matandiko, wakawaacha wanyama wagaegae mchangani na kula. Tendo dogo, nawe waweza kulidharau. Farasi anapogaagaa hujikuna na kujinyoosha mgongo uliobanwa saa nyingi, na bwana wake hupata nafasi ya kuuona.

Katika mji wa Port Elizabeth, ambao tangu mwaka 2021 huitwa Gqeberha, lilisimamishwa mwaka 1905 sanamu la farasi wa vita hivyo. Askari amepiga goti mbele ya farasi, amemshikia ndoo ya maji anywe. Jeshi nalo lilifanya jambo lenye manufaa zaidi ya sanamu. Mwaka 1912 lilipokea tandiko la namna mpya: mbao zake mbili za pembeni zilishikwa kwa bawaba katika upinde wa chuma, zikaweza kugeuka na kuufuata mgongo wa farasi kadiri alivyonenepa au kukonda. Yaani waundaji walikubali mwishowe kwamba mgongo hubadilika, na kwamba kilichofaa jana chahitaji kupimwa leo.

Mikono nayo ilikuwa na kazi yake. Wapanda farasi wazoefu wafikapo kambini hawalivui tandiko ghafula. Huulegeza mkanda wa tumbo kwanza na kuliacha tandiko kitambo, ili damu irudi taratibu katika nyama iliyobanwa. Ndipo hulivua, na kuusugua mgongo kwa viganja au kwa kifundo cha nyasi mpaka ukauke na kupata moto wa damu. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Jack Meagher, aliyekuwa mkandaji wa misuli ya wanariadha, aliuchukua ujuzi wake wa wanadamu akawakanda farasi wa mashindano, kisha mwaka 1985 akatoa kitabu juu yake. Leo ukandaji huo ni kazi ya watu wengi Marekani na Ulaya. Unamtuliza mnyama, na humsaidia mkandaji kugundua pahali panapouma. Lakini hakuna kiganja kiwezacho kuponya kile ambacho tandiko baya litakiumiza tena kesho yake asubuhi.

Nchini kwetu farasi ni wachache. Mnyama wetu ni punda, na mgongo wake hufuata sheria ile ile. Katika kisiwa cha Lamu, ambako mizigo huletwa milangoni kwa punda, ilifunguliwa zahanati yao mwaka 1987, na vidonda vya matandiko na kamba ni katika mambo yanayotibiwa humo.

Mimi mwenyewe sijifanyi msafi. Nilipokuwa mvulana wa miaka kumi na miwili, nilitumwa maji na punda wa babu. Siku moja sikulipata gunia la kumtandikia, na kwa uvivu nikamfunga mitungi minne kwa kamba tupu juu ya mgongo. Nilifanya hivyo siku ya pili na ya tatu, kwa kuwa siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya nne punda alinyatuka nilipomgusa. Babu alikuja, akaweka kiganja chake juu ya uti, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka pale pale. Palikuwa na moto kama jiwe la mekoni.

Hakunipiga. Alishona mito miwili ya gunia, akaijaza nyasi, akaiunganisha kwa vipande vya ngozi ili katikati pabaki wazi. Punda alipumzishwa majuma matatu, na maji nikayabeba mimi. Kidonda kilipopona, nywele zilizoota zilikuwa nyeupe.